Swali la Mgeni na Swali la Mtoto katika Somo la Lugha

Mwalimu anayefundisha lugha aliyozaliwa nayo hukabiliwa na shida ambayo mwenzake wa Hesabu haijui. Mwalimu wa Hesabu alifundishwa kugawanya hatua kwa hatua, na akiulizwa sababu ya hatua fulani, aweza kukumbuka siku aliyoielewa yeye mwenyewe. Mwalimu wa Kiswahili hakufundishwa na mtu kusema "mama yangu". Alijikuta anasema. Kwa hiyo mwanafunzi akimwuliza kwa nini tusiseme "mama wangu", aghalabu hujibu kwamba ndivyo Waswahili wasemavyo, kisha hugeukia ubao na kuendelea na somo. Jibu hilo si la uongo, lakini halimsaidii aliyeuliza, na mara nyingi humfunza jambo moja tu, nalo ni kutouliza tena. Katika makala hii tunakusudia kuwaeleza wenzetu mlioko vyuoni, mnaojiandaa kufundisha shule za msingi, namna tulivyopata majibu mengine na mahali tulipoyapata.

Sisi ni walimu watatu wa shule za msingi za Ilala. Kwa muda wa miaka miwili, jioni mbili kila juma, tulimfundisha Kiswahili mgeni mmoja kutoka Korea ya Kusini, mtu wa makamo, fundi wa mambo ya ujenzi. Tulikutana katika chumba kilicho nyuma ya duka moja la Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kelele za mikokoteni na za wapigadebe zikiingia dirishani. Badala ya ada tulimwomba atufundishe Kikorea, naye akakubali kwa furaha. Wakorea si watu wageni sana katika mji huu. Nchi yetu na nchi yao zilianzisha uhusiano wa kibalozi mwaka 1992, na kila aliyepita juu ya Daraja la Tanzanite tangu lilipofunguliwa mwaka 2022 amepita juu ya kazi ya wajenzi wa Kikorea. Katika lugha yao hatukufika mbali: twaweza kusoma maandishi yao polepole, kusalimu, kutaja bei na kuomba njia. Lakini hapakupita jioni bila maswali ya sarufi, yake kwetu na yetu kwake. Na jambo lililotugusa zaidi ni hili, kwamba maswali aliyotuuliza mgeni jioni yalikuwa yale yale tuliyoyasoma asubuhi katika madaftari ya watoto, isipokuwa kwa watoto yalikuwa yamevaa sura ya makosa.

Na tulitazame hilo la "mama wangu". Mgeni wetu alikuwa amejifunza kitabuni kwamba jina la kiumbe chenye uhai, hata likiwa na umbo la ngeli nyingine, hufuata upatanisho wa A-WA. Twasema "kifaru amekufa", wala hatusemi "kifaru kimekufa". Twasema pia "kipofu yule", "ng'ombe wangu", "daktari wangu". Aliishika kanuni hiyo barabara, na siku aliyopokea barua ya nyumbani akatuambia, "Mama wangu amepona." Tulimpa pongezi kwa habari njema, kisha tukamsahihisha. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: ikiwa mama a-mepona, wala hakupona kama kitu, imekuwaje awe "yangu" asiwe "wangu"?

Swali hilo lina uzito, na mwanachuo asilipite haraka. Jibu lake ni kwamba majina ya ujamaa na ya mahusiano yaliyo na umbo la ngeli ya N, yaani mama, baba, dada, kaka, shangazi, bibi, babu, rafiki, jirani, adui na ndugu zao, yamehamia A-WA kwa kitenzi na kwa kivumishi cha sifa, lakini kwa kivumishi cha kumiliki yamebakia pale yalipokuwa: yangu katika umoja, zangu katika wingi. Ndiyo maana tunayo sentensi kama "Rafiki yangu mzuri amekuja", ambamo jina moja limefuatwa na upatanisho wa namna mbili, na hakuna Mswahili anayehisi kwamba kuna mgongano. Ng'ombe na paka hawamo katika upendeleo huo. Wao ni "wangu". Daktari naye hayumo, kwa kuwa daktari si jamaa. Na mke, mume na mtoto wana umbo lao la M-WA tangu mwanzo, kwa hiyo hawana shida.

Juma lile lile mmoja wetu alikuta katika daftari la mtoto wa darasa la tatu sentensi hii: "Bibi wangu anauza mchicha soko la Ilala." Mtoto huyo alikuwa amehamia mjini mwaka uliotangulia, na nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili. Tukamwita mezani, tukamwuliza amefikaje kwenye neno "wangu". Akajibu bila kusita, "Bibi ni mtu, mwalimu."

Mtoto wa miaka tisa na fundi wa makamo walikuwa wamepita njia moja ya fikra, na wote wawili walikuwa wameielewa kanuni iliyo kubwa kuliko neno walilolikosa. Lakini tazama wanavyopokewa. Mgeni akisema "mama wangu" pale Kariakoo, muuza vitenge humpigia makofi na kumwambia kwamba anakijua Kiswahili kuliko wenyewe. Mtoto hupigiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pengine hufananishwa na kijiji alikotoka. Tumewaona watoto ambao kwa mwaka mzima huandika sentensi za maneno matatu tu, "Baba analima shamba", "Mama anapika wali", kwa sababu sentensi ya maneno matatu ni vigumu kuikosea. Madaftari yao yamejaa vema. Mwalimu asiyetazama kwa makini hudhani kwamba wanaendelea vizuri, kumbe wamekwisha kuacha kuijaribu lugha.

Kwa sababu hiyo tulianza kutundika daftari la maswali kando ya ubao, limefungwa kwa uzi pamoja na kalamu. Mtoto mwenye swali la neno huliandika kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni nusu sentensi; asiyeweza kuandika humnong'oneza mwalimu, naye huandika. Hatujibu papo hapo. Jioni tunaliendea swali kwa utulivu, tunatafuta mifano, na asubuhi tunalisoma mbele ya darasa bila kumtaja mwenye nalo. Tunapendekeza mwanachuo aanze daftari la namna hii tangu wakati wa mazoezi ya kufundisha, na alihifadhi. Litamfaa wakati wa kuandaa azimio la kazi, maana humwonyesha mahali darasa lilipokwama, na hapo pengine si pale mtunzi wa kitabu alipodhani.

Swali lililojitokeza mara nyingi kuliko yote katika daftari hilo ni la idadi. "Kwa nini vitabu vitano lakini vitabu sita?" Mgeni wetu naye aliliuliza katika mwezi wa kwanza. Hapa Kikorea kilitusaidia kwa namna ambayo hatukuitarajia, kwa kuwa Kikorea kina hesabu mbili. Moja ni ya asili yao wenyewe, nayo huishia 99. Ya pili waliipokea kutoka kwa Wachina, nayo ndiyo inayotumika kwa mamia na maelfu, kwa bei na kwa dakika. Saa huhesabiwa kwa hesabu ya asili na dakika kwa hesabu ya Kichina, hivyo mtu akitaja saa tatu na dakika thelathini huwa amezitumia zote mbili katika pumzi moja: "se si samsip bun". Tena, tarakimu za asili kutoka moja hadi nne hubadilika umbo zinapotangulia kitu kinachohesabiwa, "hana" likawa "han", "set" likawa "se", ilhali hizo za Kichina kwa kawaida hubakia vile vile.

Tulipolisikia hilo tulitazamana. Kwetu pia ndivyo mambo yalivyo. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni maneno ya Kibantu, nayo hujipatanisha na jina: kitabu kimoja, watoto wawili, miti minane. Sita, saba na tisa tuliyapokea kutoka Kiarabu, nayo hukaa kama wageni wa heshima, hayaguswi: vitabu sita, watoto saba, miti tisa. Mababu walikuwa na maneno mengine, mtandatu kwa sita, fungate kwa saba na kenda kwa tisa. Mtandatu limesahauliwa na wengi, kenda husikika kwa wazee na katika ushairi, na fungate limebakia kwa maharusi, ambao huhesabiwa siku zao saba hata wakikaa ndani siku tatu tu. Watoto walifurahi sana kusikia habari ya fungate. Siku iliyofuata mmoja aliandika katika daftari kwamba Jumatano ni siku ya tano na Alhamisi kwa Kiarabu nayo ni ya tano, je, juma letu lina siku za tano mbili? Ndiyo, linazo. Moja imehesabiwa kwa Kibantu kuanzia Jumamosi, nyingine kwa Kiarabu kuanzia Jumapili, na zote zimekaa jirani bila ugomvi.

Mwanachuo ajihadhari lakini na neno "kumi". Ni la Kibantu, na halijipatanishi. Mtoto mwerevu atakunasa hapo, kama mgeni wetu alivyojaribu. Mwambie kwamba kumi ni jina kamili, lina wingi wake, "makumi ya watu", na jina halivai upatanisho wa jina jingine.

Kuna maswali ambayo hayana jibu la namna hiyo. Kwa nini "mahali" liwe peke yake katika ngeli ya PA? Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, likaingia katika nyumba ya zamani ya Kibantu, likabaki mwenye nyumba. Twaweza kusimulia lilivyoingia. Hatuwezi kusema lilipaswa kuingia. Hapo jibu la "ndivyo tusemavyo" ni jibu la haki, na mtoto hulipokea vizuri akiwa amezoea kwamba siku nyingine hupewa sababu.

Sasa tuje kwenye swali lililotuchukua majuma mengi. Sisi tulimwuliza mgeni: katika Kikorea, baada ya jina la mtenda, wakati mwingine mnaweka "ga" na wakati mwingine "neun", tofauti yake ni nini? Kila anayejifunza Kikorea huuliza swali hili, na vitabu hulijibu kwa maelezo marefu. Mgeni wetu, ambaye si mwalimu, alishindwa kulieleza, kama vile Mswahili anavyoshindwa kueleza "yangu". Naye kwa upande wake alikuwa na swali ambalo lilikuwa likimsumbua: kati ya "Nimesoma kitabu" na "Kitabu nimekisoma" kuna tofauti gani, na hiyo "ki" ya pili inafanya kazi gani wakati kitabu kimekwisha kutajwa?

Ufumbuzi ulikuja tulipoacha kueleza na kuanza kutafuta swali ambalo kila sentensi ni jibu lake. Mtu akiuliza, "Nani amekuja?", Mkorea hujibu "Juma-ga wasseoyo", nasi tungesema "Aliyekuja ni Juma." Mtu akiuliza, "Je, Juma na wenzake wamekuja?", jibu laweza kuwa "Juma-neun wasseoyo", nasi tungesema "Juma, yeye, amekuja," na msikilizaji ataelewa kwamba habari za wengine hazijasemwa. Kwa njia hiyo hiyo, "Umefanya nini?" hujibiwa na "Nimesoma kitabu." Lakini "Kile kitabu nilichokupa kiko wapi, umekifanyaje?" hujibiwa na "Kitabu nimekisoma." Katika sentensi ya pili kitabu si habari mpya, ni jambo ambalo wawili wale walikuwa tayari wanalizungumzia, na "ki" huonyesha kwamba limeshikwa. Kwa mtu ni tofauti kidogo, maana mtu hushikwa hata akiwa mpya: "Nimemwona Juma" ndiyo kauli ya kawaida.

Twaisifu mbinu hii kwa sababu haihitaji istilahi. Mtoto wa darasa la nne ambaye hajapata kusikia habari ya kiambishi cha mtendwa aweza kuulizwa, "Sentensi hii inajibu swali gani?" na akajibu sawasawa. Tumeitumia kwa ufahamu, kwa utungaji, na hata kwa kusahihisha insha, ambapo sentensi isiyojibu swali lolote hujitaja yenyewe.

Katika habari za heshima na ujamaa, mgeni wetu na sisi tulikuwa karibu kuliko tulivyodhani, na aliyetutenga alikuwa Kiingereza, kwa kuwa kamusi zote mbili tulizokuwa nazo zilipitia lugha hiyo. Kamusi yake ilimpa neno moja kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, kana kwamba ni mtu mmoja. Tulipoyaeleza maneno yenyewe alicheka, akatuambia kwamba kwao ndugu mkubwa wa baba huitwa "keun abeoji", na mdogo wake "jageun abeoji". "Keun" ni kubwa, "jageun" ni dogo, "abeoji" ni baba. Hakuna lililobaki la kufundisha. Ndugu wa mama kwao ni neno jingine kabisa, kama kwetu. Aliposikia pia kwamba Waswahili wa zamani walikuwa na neno "umbu" kwa ndugu asiye wa jinsia yako, alilielewa mara moja, kwa sababu kwao mwanamke na mwanamume humwita kaka yao kwa maneno tofauti. Na wanaposema "uri jip" kwa nyumba ya mtu mmoja, humaanisha lile tusemalo kwa neno "kwetu".

"Pole na kazi" nalo lilimtesa alipolisoma katika kamusi, akadhani ni kuomba radhi, akauliza amemkosea nini mbeba mizigo hata amwombe radhi. Tulipomweleza linavyotumika alituambia kwamba Wakorea humwambia mtu aliye kazini "sugohaseyo", na maana ndiyo hiyo. Lakini aliongeza kwamba kwao si adabu kumwambia hivyo aliye mkubwa wako, na kwa hiyo kwa muda mrefu alisita kumpa pole mzee mwenye mkokoteni. Hapo ndipo tofauti ilipo, na kamusi haiisemi. Kwetu pole humfaa yeyote, mkubwa na mdogo.

Shikamoo ilikuwa na maswali yake. Kikorea huweka heshima katika mwisho wa kitenzi, kwa daraja kadhaa, kwa hiyo Wakorea wanaokutana mara ya kwanza huulizana umri mapema ili kila mmoja ajue aseme vipi. Mgeni wetu aliwauliza wenye maduka wa Mtaa wa Kongo umri wao kabla ya kununua shati, nao wakastaajabu. Sisi tunapima umri kwa macho, na tukipima vibaya tunasameheana kwa kicheko. Aliuliza pia: aliyenizidi mwaka mmoja nimwamkie? Mwenye duka anayeniita "anko" ni mtoto wa ndugu yangu yupi? Tulimjibu kwamba sokoni ujamaa hukopeshwa. Watoto wa Kariakoo hawana haja ya kufundishwa hilo. Wenye haja ni wale waliohamia, na tumeona ni vyema kipindi kimoja cha mwanzo wa mwaka kitumike kwa maigizo mafupi ya kusalimu na kuomba, ambamo watoto wenyeji ndio wanaofundisha: lini "naomba" na lini "nipe", na kwa nini "nataka maji" humkera mama ntilie ingawa sarufi yake haina dosari.

Mambo mawili twayapitia upesi. La kwanza ni "anakaa" na "amekaa". Mgeni na watoto wetu wengine husema "mwalimu anakaa kitini" wakati mwalimu ametulia kitini tangu asubuhi. Kitendo kikiisha na hali ikabaki, Kiswahili hutumia -me-: amekaa, amesimama, amelala, amevaa, amechoka. Kikorea nacho hutenganisha "anja itda", amekaa, na "anjgo itda", yumo katika kujiketisha. Chora picha mbili ubaoni, yatosha. La pili ni swali la kukanusha. Mtu akiuliza "Hujala?", naye mwenye njaa akajibu "Ndiyo, sijala", Mkorea hujibu vivyo hivyo, "ne", kwa maana anakubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hujibu kinyume, kwa neno la kukataa. Mwanachuo atakayefundisha Kiingereza alijue hili kabla ya kuingia darasani, kwani mtoto anayejibu kwa mantiki ya Kiswahili hana upungufu wa akili, na kumkemea hapo ni kumkemea kwa kuwa mwaminifu kwa lugha yake.

Kuhusu "gari yangu" na "daftari yangu", ambazo mgeni alizichuma kwa madereva wa daladala na ambazo watoto wetu huzisema kila siku, tumekataa kuziita uchafu. Kiswahili Sanifu, ambacho kilijengwa juu ya Kiunguja na kamati iliyoundwa mwaka 1930, na ambacho Baraza la Kiswahili la Taifa limekisimamia tangu mwaka 1967, hutaka "gari langu" na "daftari langu". Hiyo ndiyo lugha ya kuandika na ya mtihani, na mwalimu aifundishe bila kuyumba. Lakini amwambie mtoto pia kwamba kauli ile nyingine ina wenyewe, inasemwa pale stendi, na si upumbavu. Mtoto akiamini kwamba mwalimu wake hajui lugha ya mtaani, hamwamini pia katika lugha ya kitabuni.

Tumeiacha matamshi mwishoni, ingawa hapo ndipo machozi hutoka. Kikorea kina herufi moja kwa sauti ambazo sisi tunazitenga kuwa l na r. Katikati ya irabu herufi hiyo husikika karibu na r, na mwisho wa silabi husikika kama l. Kwa hiyo mgeni alitutangazia kwamba amepoteza karamu yake, akanyosha mkono kuomba nyingine ya kuandikia. Tulicheka pamoja naye. Lakini zipo lugha nyingi za Kibantu ambazo pia hazitengi sauti hizo mbili, na watoto wa lugha hizo wamo katika kila darasa la Ilala. Mtoto akisoma kwa sauti kwamba baba amekwenda kupiga kula, darasa zima huangua kicheko, naye hukaa chini. Kesho hanyoshi mkono.

Wenyeji wa mji huu wasidhani kwamba masikio yao yanasikia kila kitu. Kikorea hutenga "bul", moto, na "pul", majani, na "ppul", pembe, na sisi watatu ilituchukua muda mrefu kuzisikia tofauti hizo. Bibi mmoja wa Gerezani, mzaliwa wa Unguja, alitukumbusha kwamba Kiswahili chake nacho hutenga paa la nyumba, ambalo hutamkwa kwa p kavu, na paa wa mwituni, ambaye hutamkwa kwa p yenye pumzi. Na kaa la moto na kaa wa pwani kwa njia hiyo hiyo. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo, na vijana wengi wa mjini hawaisikii tena.

Njia tuliyoichukua kwa l na r tuliipata kutoka kwa mfalme Sejong. Herufi za Kikorea zilikamilika mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446, na wataalamu wake walieleza kwamba maumbo ya konsonanti za msingi yalichorwa kwa kufuata viungo vya kinywa: herufi ya n ni ulimi uliogusa ufizi, herufi ya m ni kinywa chenyewe. Tulichora nasi ubaoni vinywa viwili vikubwa, vikiwa vimekatwa ubavuni. Katika cha kwanza ncha ya ulimi imebandikwa kwenye ufizi, na pumzi inapita pembeni; hiyo ni l. Katika cha pili ncha inagonga na kuachia haraka. Hiyo ni r. Kisha tuliandika jozi za maneno, kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura, hali na hari, na kwa kila neno kadi yenye picha au sentensi. Watoto hukaa wawili wawili. Mmoja hutamka, mwenziwe huinua kadi aliyoisikia. Kadi isiyo sahihi ikiinuliwa, hawaambiwi nani amekosa, msemaji au msikilizaji, wanarudia tu. Dakika kumi kwa siku zatosha, nasi twazitoa mwanzoni mwa kipindi, kabla watoto hawajachoka. Zana nyingine inayofaa ni kioo kidogo cha mkononi, cha aina ile inayouzwa kando ya barabara pale Kariakoo, ili mtoto auone ulimi wake mwenyewe. Kioo kimoja chatosha watoto wanne wakipeana zamu.